NGUO YA MEKATILILI NA BUTI ZA CHUMVI

(Maneno yaliyosemwa na mjumbe wa kina mama mbele ya mkutano wa tawi letu, Mambrui, kabla ya Sikukuu ya Wafanya Kazi. Yamepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama waliokuwa zamu siku ile.)



Nimepewa kazi ndogo jioni hii. Nimeambiwa niseme juu ya nguo. Katibu aliponiletea khabari hiyo nilicheka, nikamwuliza, "Mambo ya mishahara wapewa wanaume, na mambo ya nguo twapewa sisi?" Akanijibu, "Mama, safari hii mambo ya nguo ndiyo mambo yenyewe." Nilipokwenda nyumbani nikafikiri, nikaona amesema kweli.

Wengi mwalijua jambo hili, lakini nitalieleza tangu mwanzo ili asiwepo mtu wa kusema hakuambiwa. Kamati ilikata shauri kwamba tarehe 1 Mei tuandamane tukiwa na vazi la kumkumbuka Mekatilili wa Menza, kwa kuwa alipigania haki za watu wa nchi hii hii tunayoikanyaga, na kaburi lake liko Bungale, katika Magarini yetu. Shauri lilikuwa jema, lakini halikumaliza siku mbili bila ugomvi. Vijana wakasema tuchapishe fulana zenye picha yake. Kina mama wa Kigiriama wakasema Mekatilili hakuvaa fulana, sisi tutavaa hando. Baadhi ya wazee wa mjini wakasema hando si vazi la kupita nalo mbele ya msikiti. Na dada mmoja wa buibui akaniuliza kwa uchungu, "Je, mimi siwezi kumheshimu bila kuvua buibui langu?"

Tulipokuwa bado twabishana, ikaja barua. Mwajiri mmoja wa huku kwenye chumvi, ambaye sitamtaja jina kwa sababu mazungumzo naye hayajakwisha, asema amefurahi kusikia kwamba wafanya kazi wataka kumheshimu shujaa. Asema atatupa fulana mia mbili bure. Mbele, picha ya Mekatilili. Nyuma, jina la kampuni. Barua ni ya adabu, nami nimeisoma mara tatu. Wako waliosema, Cha bure hakikataliwi. Wako waliosema, Tukikataa tutaonekana wajeuri. Mimi nataka tuifikirie barua hiyo polepole, maana ndani yake mna jambo kubwa kuliko fulana.

Ndugu zangu, nguo ina ukoo kama mtu alivyo na ukoo. Hawe, yaani bibi yangu mzaa mama, alikuwa na hando katika kasha. Mlio vijana labda mmeliona katika ngoma tu. Ni nguo ya mikunjo mingi, hufungwa kiunoni, na mwanamke akitembea hutikisika pamoja naye. Hando la hawe lilikuwa la merikani. Nilipokuwa mdogo nilidhani merikani ni neno la Kigiriama. Nilipopata akili nikajua kwamba ni jina la nchi ya watu.

Sikilizeni safari ya nguo hiyo. Mwaka 1833 Wamarekani walifanya mapatano ya biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 balozi wao akafika Unguja. Merikebu zao, nyingi kutoka mji wa Salem, zilileta kitambaa cha pamba kigumu, kisichotiwa rangi, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Watu wa huku wakakipenda kitambaa kile kwa nguvu zake, wakakiita merikani. Kikaenea mwambao na bara, hata mahali pengine kikatumika badala ya fedha. Sasa niulizeni: pamba yenyewe ililimwa na nani? Ililimwa na watumwa weusi katika majimbo ya kusini ya Marekani. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko, vikadumu mpaka 1865, merikani ikaadimika huku kwetu, na vitambaa vya Bara Hindi vikashika nafasi yake. Mtu wa Mambrui aliyekwenda dukani akakosa nguo labda hakujua kwamba ng'ambo ya bahari watu walikuwa wakiuana kwa ajili ya jambo la utumwa.

Na huku je? Tusijifiche. Mwaka 1861 huo huo Malindi ilianza kufufuliwa chini ya Sultani Majid, na mashamba ya mtama na simsim yakaenea Malindi na Mambrui, nafaka ikasafirishwa mpaka Arabuni. Mashamba yale yalilimwa na watumwa. Basi mtumwa wa kule alichuma pamba, na mtumwa wa huku akavaa kitambaa chake, wala hawakuonana kamwe. Humu ndani tumekaa wajukuu wa waliolima na wajukuu wa waliomiliki, na wako kati yetu walio wajukuu wa wote wawili. Silitaji jambo hili ili tutukanane. Nalitaja kwa sababu ukoo wa nguo zetu umepita humo.

Siku zile nguo ilimtambulisha mtu kabla hajafungua kinywa. Unguja na mwambaoni mtumwa alikatazwa kuvaa viatu na kufunika kichwa mbele ya waungwana. Kofia ilikuwa alama ya uungwana, na viatu vilikuwa alama ya uungwana. Nawaomba mlishike neno hilo la viatu, maana nitalirudia.

Wako waliokataa wakatoroka. Walijenga vijiji vya watoro kama Fuladoyo, huko bara, karibu na Wagiriama. Na utumwa ulipokomeshwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na huku kwetu mwaka 1907, watu walioachwa huru walifanya nini kwanza? Wengi walibadili nguo. Mwanamke aliyekuwa na kaniki moja ya kazi alitafuta leso. Leso nayo ilitokana na vitambaa vya mkononi ambavyo kina mama wa mwambao walinunua kwa urefu bila kuvikata, wakavishona pamoja wakapata nguo nzima. Jina lenyewe ni la Kireno. Mwanamke aliyejifunga leso alikuwa amesema: leo sina bwana. Baadaye leso zikaandikwa maneno, na hata leo mwanamke wa pwani akitaka kumwambia mtu neno zito, halisemi, alivaa tu. Kwa hivyo anayedhani mambo ya nguo ni mambo ya urembo, hajui historia ya mama yake.

Sasa nije kwa Mekatilili mwenyewe. Jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi wa Menza. Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili. Mwaka 1912 serikali ya Waingereza ilimpeleka Bwana Arthur Champion kwa Wagiriama, ili wakusanye kodi kwa bidii zaidi na watoe vijana wa kwenda kazi katika mashamba ya Wazungu na ya serikali. Mekatilili alikuwa mjane, na hakuwa mzee wa kaya wala hakuwa na cheo. Alizunguka vijijini, ngoma ya kifudu ikikusanya watu, akawaambia wasitoe watoto wao. Yasimuliwa kwamba mkutanoni alileta kuku mwenye vifaranga, akamwambia Mzungu, Haya, mnyang'anye kifaranga kimoja. Alipojaribu, kuku akamrukia. Akasema, Ndivyo utakavyoona ukichukua watoto wetu.

Mwaka 1913, katika Kaya Fungo, wanawake wakala kiapo cha mukushekushe na wanaume wakala kiapo cha fisi, kwamba hawatafanya kazi kwa serikali wala kutoa kodi. Ndugu zangu wa chama, hiki kilikuwa kitu gani? Hawakuwa na kadi, hawakuwa na mweka hazina, wala hawakuwa na kipiga chapa kama hiki chetu. Lakini watu walipatana kwa neno moja, wakaizuia kazi yao. Mimi nasema ule ulikuwa mgomo.

Serikali ilimkamata Oktoba 1913 pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, ikawapeleka Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Fikirini mwendo huo. Mtu akitoka hapa kwenda Mombasa kwa matatu alalamika mgongo.

Agosti 1914 serikali ikaivunja Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikaanza, watu wapata 150 wakauawa, nyumba maelfu zikachomwa moto, mbuzi maelfu wakachukuliwa. Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kuamriwa kutoa wanaume 1,000 wa kazi ya upagazi. Tena wakaamriwa kuhama ng'ambo hii ya mto Sabaki, yaani nchi hii iliyo nyuma ya Mambrui yetu, wavuke kusini wakakae mahali ambapo serikali na wenye mashamba wangewapata kwa urahisi. Ardhi nzuri iliondolewa mikononi mwao ili njaa iwapeleke kazini. Mekatilili alikamatwa tena, akarudi nyumbani mwaka 1919. Lakini miaka michache baada ya vita watu walikuwa wameruhusiwa kurudi huku kaskazini. Ndiyo sababu wengine wenu mko Magarini leo, na humu ndani mmekaa.

Sasa tazameni. Wanawake waliokula kiapo kile walivaa hando. Je, hando lilikuwa vazi la vita? La. Lilikuwa nguo yao ya kila siku, ya kuchota maji na kulimia. Hando halikumpa Mekatilili heshima. Kazi aliyoifanya ndani ya hando ndiyo iliyolipa hando heshima. Mkikumbuka neno moja tu katika maneno yangu yote, kumbukeni hilo.

Nawapeni mifano miwili ya mbali ili muone kwamba ni vivyo hivyo kila mahali. Tarehe 28 Agosti 1963 watu wapata 250,000 waliandamana Washington kudai kazi na uhuru kwa watu weusi wa Marekani. Aliyeongoza maandamano yale alikuwa mtu wa chama cha wafanya kazi, mzee A. Philip Randolph, aliyekuwa ameongoza chama cha wahudumu wa magari ya kulala katika treni. Watu wengi walivaa nguo zao za kwendea kanisani, suti na tai, kwa kuwa walitaka kuonekana kwa heshima. Lakini vijana wa chama cha wanafunzi waliokuwa wakifanya kazi vijijini kusini walikuja na ovaroli za wakulima maskini, wajukuu wa wale wale waliolima pamba ya merikani. Walizivaa ili kusema: sisi tu pamoja na watu hawa, wala hatuwaonei haya. Tom Mboya wetu aliwajua watu wale. Mwaka 1959 alisafiri kwao, na mwaka huo huo ndege ya kwanza ikachukua wanafunzi wetu 81 kwenda kusoma huko.

Mfano wa pili ni mji wa Memphis, mwaka 1968. Tarehe 1 Februari wazoa taka wawili waliingia nyuma ya lori lao kujikinga na mvua, mashine ya kushindilia taka ikafanya kazi ikawaua. Wenzao wapata 1,300, karibu wote weusi, wakagoma. Waliandamana na vibao, wengine mkononi na wengine kifuani, vilivyoandikwa kwa Kiingereza maneno ambayo maana yake ni: Mimi ni mwanamume, ni mtu kamili. Kwa nini waandike jambo ambalo kila mwenye macho aliona? Kwa sababu huko mzee mwenye mvi aliitwa boi, kama baba zetu walivyoitwa boi katika nyumba na mashamba ya huku. Martin Luther King alikwenda kuwasaidia, na huko akauawa tarehe 4 Aprili. Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 16, mji ukakubali chama chao.

Nilipojua khabari ya vibao vile nilikumbuka kipande. Vijana hamkukiona, lakini waulizeni wazee walichosimuliwa. Ilikuwa sheria ya mwaka 1915, ikaanza kutumiwa baada ya Vita vya Kwanza: kila Mwafrika mwanamume kuanzia miaka kumi na sita achukue karatasi yenye alama za vidole na khabari za kazi yake, na nyingi zilitiwa katika kikopo cha bati kilichotundikwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kwenda kwingine. Watu walikilinganisha na kengele ya mbuzi. Kilidumu mpaka mwaka 1947. Hilo nalo lilikuwa vazi, lakini tulivalishwa na wengine. Kipande kifuani kilisema, Mimi ni wa bwana fulani. Kibao cha Memphis kifuani kilisema, Mimi ni mtu. Vyote viwili ni vitu vya kifuani; tofauti ni nani ameandika maneno.

Basi rudini kwenye barua. Mbele Mekatilili, nyuma jina la kampuni. Mimi nauliza: nani ameandika maneno? Mwanamke aliyekula kiapo ili watoto wetu wasichukuliwe kwa nguvu kazini, leo picha yake ibebwe kifuani na jina la tajiri libebwe mgongoni, sawasawa na gunia? Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hii yetu hata kuazimwa haikuazimwa, tumevikwa.

Labda mwanachama atasema, Mama, wewe wachukia tu. Mtu ametoa kwa moyo mwema. Basi nisemeni juu ya moyo mwema, na juu ya viatu, kama nilivyoahidi.

Walio nje wadhani chumvi ni kitu kizuri cheupe. Sisi tuliomo mabwawani twaijua. Maji yale yaingia katika nyufa za nyayo, na kidonda kidogo cha Jumatatu, Ijumaa hakijafunga bali kimepanuka. Mwaka juzi dada mmoja wa zamu yetu alijikata mguu kwa beleshi. Alikuwa na ndara za plastiki zilizofungwa kwa kamba. Alikaa nyumbani siku tisa. Aliporudi akaambiwa kibarua chake amepewa mwingine. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyempiga. Aliambiwa tu, Mama, umechelewa. Buti tulizoziomba kwa barua ya chama hazijaja mpaka leo. Nimemwuliza Katibu, naye amenionyesha nakala ya barua. Kwa buti hakuna pesa, lakini kwa fulana mia mbili pesa zimepatikana kwa muda wa siku nane.

Tena si fadhila tuliyoomba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mwajiri atoe mavazi ya kukinga wafanya kazi penye hatari, pamoja na glavu na viatu vinavyofaa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kutendewa sawa kazini, kuingia chama na kugoma. Na mwaka 2006 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitoa taarifa juu ya malalamiko ya watu wa Magarini kuhusu kampuni za chumvi, baada ya kukaa na kuwasikiliza hadharani. Kwa hivyo hatuzui jambo jipya.

Nilisema mtumwa alikatazwa viatu mbele ya waungwana. Leo hakuna anayetukataza. Hatupewi tu. Mguu wenyewe, ukiuliza, hautaona tofauti kubwa.

Sasa niwajibu waliogombana juu ya hando na buibui, kisha nitoe shauri langu.

Wazee wangu wa mjini, nawaheshimu. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Mambrui, baba yangu ni wa hapa na mama yangu ni mwana wa Mgiriama, nami naswali. Lakini msiseme hando ni ushamba. Mwacha asili ni mtumwa. Mama akitaka kufunga hando juu yake akavaa blauzi na leso, amesitirika. Tukifika karibu na msikiti wakati wa swala tutanyamazisha ngoma, kama adabu itakavyo, na hilo kina mama wa Kigiriama wamelikubali kabla sijawaomba. Na wewe dada wa buibui, usivue kitu. Kiapo hakikuliwa ili watu wavalishwe kwa nguvu. Vaa buibui lako, shika mkono wa mwenzako wa hando, mwende pamoja. Tukionekana hivyo, mjukuu wa mtoro na mjukuu wa mwenye shamba, bara na mjini, hiyo yenyewe ni nguo moja iliyoshonwa vipande viwili, kama leso ya kwanza.

Vijana wetu wa fulana, nanyi sikuwasahau. Chapisheni, lakini kwa shilingi zenu wenyewe, hata zikiwa fulana kumi tu. Mgongoni msiandike jina la mtu. Andikeni: BUTI ZETU ZIKO WAPI?

Na shauri langu ni hili, Ndugu Mwenyekiti. Juu, kila mtu avae vazi analoliona la heshima: hando, leso, buibui, kanzu, au shati safi. Lakini chini, miguuni, sote tuvae kile tu tulichopewa na mwajiri kwa ajili ya kazi. Aliyepewa buti avae buti. Aliyepewa buti zilizotoboka avae hizo hizo. Ambaye hakupewa kitu, atembee miguu mitupu kutoka hapa mpaka uwanjani. Hatutaimba tusi, hatutavunja kitu. Watu wa barabarani watazame miguu yetu, wahesabu wenyewe.

Najua hofu iliyo mioyoni. Vibarua mwasema, Jumatatu nitaachwa langoni. Hofu hiyo si ujinga, mimi nimeishi nayo miaka mingi. Kwa hivyo nasema wazi: hakuna atakayelazimishwa. Wenye kazi ya kudumu watangulie mbele, na kamati yote iwe mstari wa kwanza, miguu mitupu, mimi nikiwamo. Na kabla ya siku ile Katibu aandike barua kwa Ofisi ya Kazi kueleza tutakavyofanya, ili mtu akifukuzwa kwa sababu hiyo, iwepo karatasi ya kuonyesha. Mekatilili hakumwambia mtu, Nenda mbele nami nitafuata.

Na barua ya mwajiri tuijibu kwa adabu kama alivyotuandikia: Twashukuru kwa kumkumbuka shujaa wetu. Fulana hatuzihitaji. Tafadhali pesa hizo zinunue buti, na orodha ya ukubwa wa miguu yetu tumeiambatanisha. Nimekwisha kuiandika orodha ya zamu yangu. Namba yangu ni sita.

Siku moja, Inshallah, wajukuu wetu wataandamana wakimkumbuka mtu, nao watauliza wavae nini. Huenda wakasema, Tuvae buti za chumvi, maana bibi zetu walizipigania. Basi tuwape sababu ya kusema hivyo.

Nimekwisha. 

(Baada ya maneno haya Mwenyekiti aliweka shauri mbele ya wanachama. Wengi waliunga mkono, wachache walikataa, na wazee wawili waliomba yaandikwe kwamba wamekubali juu ya miguu lakini hawajakubali juu ya ngoma. Barua ya kujibu imekwisha kupelekwa pamoja na orodha. Wanachama ambao hawajatoa namba ya mguu wao wamwone Katibu kabla ya Ijumaa.)